Watu Thelathini na Wanne

Pale kwetu Kinoo hakuna anayeniita Mbuthia isipokuwa mke wangu, na yeye huniita hivyo akiwa amekasirika. Wengine wote huniita Katiba. Jina hilo nililitafuta mwenyewe. Tangu nistaafu kazi ya masjala katika wizara moja huko mjini, sijatoka nje ya lango bila kile kijitabu cha Katiba mfukoni mwa koti, na kama umewahi kusimama nami kwenye foleni ya maji kwa dakika tano, basi umeshasomewa kifungu cha tatu: kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu Katiba, kuidumisha na kuilinda. Huisoma kwa sauti nzito ya kutoka kifuani. Waringa, mke wangu, husema sauti hiyo hakuisikia hata siku ya harusi yetu.

Kwa hivyo ninapokuambia kwamba mtu aliyeichezea Katiba pale Kinoo mwaka huu, mchana kweupe na kwa kalamu yake mwenyewe, ni mimi, ujue si neno linalonitoka kwa urahisi. Nimeshalisema mara tatu mbele za watu. Hii ni ya nne.

Ilikuwa Juni. Kampuni fulani ya ujenzi ilikuwa imenunua shamba la zamani upande wetu wa chini, ikataka kusimamisha nyumba za ghorofa. Kabla ya kupewa kibali, sheria inataka wananchi washirikishwe. Tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa duka: mkutano Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi. Niliamka saa kumi na moja kupiga suti pasi.

Saa nne na nusu tulikuwa watu tisa, ukimhesabu na mlinzi wa kanisa. Mtu anayeitisha mkutano wa wananchi Alhamisi saa nne anajua anachokifanya, maana saa hiyo wenye kazi wako kazini na wasio na kazi wako mbioni kuitafuta. Afisa wa kampuni aliyekuja na orodha ya mahudhurio, mama wa makamo aitwaye Nzembi, aliviangalia viti vitupu, kisha akaangalia saa yake.

"Mzee, hii idadi ni kidogo sana," akaniambia. "Nafikiri tuahirishe."

Kuahirisha nilikuwa siwezi. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandika kwa wiki nzima, kurasa sita, nikaifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Nikamwambia Nzembi watu wangu wako njiani, aniachie tu hiyo orodha niwasajili wakiingia. Akaniachia, akaenda kusimamia chai.

Mkobani nilikuwa na daftari la chama. Ndani yake kuna majina ya wakazi wote, nambari zao za vitambulisho, simu, na sahihi zao za kila mkutano tangu chama kianze. Nilijiambia kwamba siandiki uongo, naandika ukweli uliochelewa, kwa sababu hawa watu wangekuja kama wangeweza. Nikaanza kujaza. Nilibadilisha kalamu mara tatu. Miaka thelathini na mmoja ya masjala imenifundisha miandiko ya watu kuliko nyuso zao, na nitasema ukweli ulivyo: nilifurahia. Huyu herufi zake hulala kushoto, yule hutia sahihi utadhani anafukuza nzi. Nilimwandika Peres Ajwang, anayeuza maharagwe na chapati kwenye mdomo wa kijia chetu, ambaye saa hiyo alikuwa jikoni kwake anakanda unga. Nilimwandika hata Waringa, aliyekuwa amekataa waziwazi kuja.

Nilipofika kwa Jamleck Mbugua mkono haukusita. Jamleck alikuwa mweka hazina wetu na rafiki yangu, na tulikuwa tumemzika Machi. Jina lake sikuwa nimelifuta daftarini. Kila nilipochukua rula niligundua kuna kazi nyingine ya kufanya. Katika miaka kumi na minne mtu huyo hakuwahi kukosa mkutano, wala hakuwahi kuchelewa hata mmoja. Nikamtilia sahihi yake, ile J yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote, nikaenda kwa anayefuata.

Tukawa thelathini na wanne: tisa wa damu na nyama, ishirini na watano wa wino. Nzembi aliporudi na kikombe cha chai mkononi aliitazama orodha, akavitazama viti, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshasimama kuhutubia.

Nilihutubia kwa dakika ishirini na mbili. Nilieleza kifungu cha kumi, kinachotaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Nilieleza wajibu wa mwananchi wa kuuliza, kukagua na kukosoa. Ramani ya mradi ilikuwa imebandikwa ukutani, na mimi niliipa mgongo, kwa sababu mzungumzaji mzuri huwatazama watu. Nilipomaliza, vifurushi vya wali na nyama vya kampuni vilikuwa vimefika na hakuna aliyekuwa na swali. Nikasimama tena kutoa shukrani, kwa kuwa shukrani hutolewa na mimi siku zote, nikaishukuru kampuni kwa niaba ya wakazi wote kwa kutuheshimu. Nilikula vifurushi viwili.

Agosti, shamba lilianza kuzungushiwa mabati. Siku ya tatu Peres alikuja nyumbani kwangu akiwa bado amefunga aproni.

Nikueleze kuhusu kile kijia. Kinatoka kwenye nyumba zetu, kinapita ubavuni mwa lile shamba, kinakutoa kwenye barabara kuu, Waiyaki Way, kwa dakika sita. Bila hicho unazunguka kwa barabara ya magari, nusu saa kasoro kidogo, na mvua ikinyesha hupiti. Asubuhi hupita wafanyakazi na wanafunzi, jioni hurudi wakiwa na njaa, na Peres yuko pale kwenye mdomo wa kijia na sufuria zake. Amekuwa pale miaka kumi na mmoja. Amesomesha watoto watatu kwa maharagwe.

"Katiba," Peres akasema, "wanafunga njia. Wameniambia nitoe kibanda mwisho wa mwezi. Nimeuliza nani ameruhusu, wananiambia ati ni sisi. Tuliruhusu lini?"

Sikujua. Hapo naomba uniamini, nilikuwa sijui kabisa. Nilitoa kijitabu changu mfukoni, nikakipiga kofi, nikamwambia kesho tunaenda mjini kuitisha ripoti ya mradi, maana ni haki ya mwananchi kupata habari. Peres akaniangalia kwa matumaini. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu wa rika langu, na nililala vizuri sana usiku huo.

Ofisi ya ripoti iko katikati ya jiji, ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa imeharibika. Tulipanda ngazi, mimi nikimpa Peres vifungu kila tulipopumzika. Karani alituletea faili, tukaketi kwenye benchi tukafungua. Ukurasa wa kumi na saba kulikuwa na picha. Ni mimi, katika suti yangu, kidole juu. Nyuma yangu ile ramani ilionekana vizuri, na pale palipopaswa kuwa na kijia chetu palikuwa na mstatili wa buluu ulioandikwa "Maegesho". Kidole changu kingeshuka kidogo kulia, kingegusa kibanda cha Peres.

Chini ya picha waliandika: watu thelathini na wanne walihudhuria, hakuna pingamizi, mwenyekiti wa wakazi alishukuru. Ukurasa uliofuata ulikuwa ni orodha.

Peres aliisoma kwa kidole, jina kwa jina. Kidole kikasimama.

"Hii ni jina yangu," akasema. "Na ID ni yangu. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa napika." Kidole kikashuka. "Na huyu ni Jamleck. Jamleck alikuwa ameshakufa. Wametuandika, Katiba. Hii kampuni imetuandikia sahihi mpaka maiti."

Nilitaka kusema. Sentensi ilikuwa fupi, ilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikasikia ile sauti yangu ya kifuani ikisema, "Huu ni uhalifu."

Na hapo ndipo nilipotoka kuwa mjinga nikawa mnafiki. Rufaa ya kupinga kibali ilihitaji kuandikwa, na wakazi wote wakaamua mwandishi ni Katiba. Niliiandika kwa siku mbili. Ni maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilimwita aliyeghushi sahihi zile "mtu asiye na haya, asiyestahili kuitwa mwananchi". Waringa alipoisoma, pamoja na kopi ya orodha, aliuliza huyo mtu aliwezaje kujua kwamba yeye huanza W yake kutoka kulia. Nikamwambia wahalifu wa siku hizi wana mitambo. Akasema, "Sawa, Mbuthia," akaenda kukamua ng'ombe.

Kamati ya kusikiliza rufaa hukutana Upper Hill, juu kidogo ya mjini, katika jengo la vioo. Septemba tulifika pale tukiwa watatu kutoka Kinoo: mimi, Peres, na Nyakio, mjane wa Jamleck. Peres ndiye aliyemwomba Nyakio aje, ili aseme kwa kinywa chake kwamba mumewe hangeweza kutia sahihi Juni. Nyakio alivaa ile kofia yake ya kanisani. Tangu mazishi alikuwa mtu wa maneno machache.

Aliyeongoza kikao alikuwa mama mmoja, Kanyiva, mwenye miwani ya kamba shingoni. Wakili wa kampuni alianza: watu thelathini na wanne, hakuna pingamizi, shukrani zimetolewa. Peres akafuata, akaeleza alikuwa wapi siku hiyo. Kanyiva akamgeukia Nzembi.

"Wewe ndiye ulikuwa na hii orodha?"

"Ndiyo, madam."

"Nambari kumi na nane alizikwa Machi. Alisaini Juni aje?"

Nzembi akageuka polepole kwenye viti vya nyuma mpaka macho yake yakanifikia. Mimi nikakagua viatu vyangu. "Madam, mimi niliiacha kidogo, na niliporudi..." akaanza, lakini wakili akamwekea mkono begani na kusema jibu litaletwa kwa maandishi.

"Basi," Kanyiva akasema, "bila mtu wa kuniambia nani aliandika, siwezi kuitupa orodha yote kwa sababu ya jina moja au mawili. Na kama sahihi ni za uongo, mama uliyekuwa na orodha, wewe ndiye wa kwanza kwenda polisi kueleza. Huyo mjane yuko hapa? Aje aangalie."

Nyakio alienda mbele. Alipewa karatasi. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, na kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akatabasamu.

"Hii ni yake," akasema.

Peres alishika kichwa.

"Mama, angalia vizuri," Kanyiva akamwambia. "Tarehe ni ya Juni."

"Tarehe sijui. Labda tarehe ndiyo imekosewa. Lakini hii J ni yake. Hakuna mtu mwingine anaandika J hivi, mpaka mkia unaenda kulala huko chini." Alipitisha kidole juu ya mkia wote, mwanzo hadi mwisho. "Cheki zake zote nilirudisha benki, sikubaki na kitu ameandika. Naomba kopi."

Nimeuza utu wangu kwa vitu vidogo maishani, kwa makofi hasa. Lakini nilipomwona Nyakio akikipapasa kile kimkia cha wino nilichokichora nikisubiri chai, niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona, aibu ya kutaka kutoka ndani ya suti na kuiacha imekaa pale peke yake. Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mwenyekiti. Niliziandika zote. Ishirini na tano. Yule mama hajui kitu."

Kanyiva alivua miwani. "Kwa nini?"

Nikatafuta sababu nzuri, na mtu mwenye sababu nyingi kunishinda hajazaliwa. Ilikuja moja tu. "Viti vilikuwa vitupu, na nilikuwa na hotuba."

Mmoja wa wanakamati alikohoa kwenye kiganja. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa kijitabu, sijui hata nilitaka kusoma nini.

"Mzee, rudisha hiyo," Kanyiva akasema. "Niambie tu ulitumia kalamu ngapi."

"Tatu."

Akaandika.

Nyakio aliikunja kopi yake mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaufunga. Tulishuka Upper Hill kwa miguu kuelekea mjini, wao wawili mbele, mimi nyuma. Karibu na reli Peres alisimama akanisubiri. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimeyakubali yote kabla hayajaja.

"Ulitaka watu," akasema. "Si ungekuja pale kwangu jioni? Watu wote wa Kinoo hupita pale. Ungesimama tu kando ya sufuria."

Akaendelea kutembea. Ingekuwa afadhali anitukane.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Orodha ilitupwa, mabati yakatolewa kwenye kijia, na kampuni ikaamriwa kuitisha mkutano mpya, siku ambayo watu wako nyumbani. Mimi niliamriwa kuandikisha taarifa polisi. Niliiandika vizuri kiasi kwamba afisa aliniomba nimwandikie na ya mtu aliyekuwa ameibiwa mbuzi. Kesi yangu bado iko mezani kwao, wakiniita nitaenda. Kisha wakazi wakaitana, nikakiri mara ya tatu, na wakaniondoa uenyekiti kwa dakika nne. Peres akachaguliwa bila mpinzani. Alikataa kuhutubia, alisema ameacha maharagwe motoni.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Watu walijaa mpaka madirishani. Peres aliwaita mmoja mmoja kwa siku kumi, akimpa kila mteja chapati na tarehe. Mlangoni alisimama na orodha kifuani.

"Hapa kusaini ni ukitoka," akawaambia. Nilipofika akaniangalia juu na chini. "Katiba, wewe kiti chako ni kile cha mbele. Kaa ukiangalia ramani."

Nilikaa nikiangalia ramani saa moja na dakika arobaini, mdomo umefungwa. Wanafunzi walisema, wazee walisema. Mlinzi mmoja anayefanya kazi huko Loresho alisimama akasema hutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi na zile dakika sita za kijia ndizo zinamfikisha nyumbani kabla watoto wake hawajaenda shule. Peres alisema sentensi nne. Ya mwisho ilikuwa: "Sogezeni maegesho upande ule, njia ibaki." Nzembi, aliyekuwa bado na kazi yake, alitandaza ramani mezani, watu wa kampuni wakainama, wakapima, wakachora upya kwa kalamu nyekundu mbele yetu sote, na kila mmoja wao akatia sahihi. Hayo mimi sikuyapata kwa kurasa sita.

Ikabaki shukrani. Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia, kwa mazoea tu. Nikatazama magoti yangu. Ndipo Nyakio aliposimama, na ile kofia yake. Alikuwa hajanisemesha kwa wiki tano.

"Mimi sina shukrani ndefu," akasema. "Nataka tu kumtolea bwana yangu udhuru. Leo ameshindwa kufika." Akanitazama. "Ya Juni alikuja. Sijui hata alipitia wapi."

Mtu wa nyuma akapasuka kicheko, na ukumbi wote ukamfuata. Nyakio mwenyewe alicheka mpaka akaishika kofia isianguke. Mimi nilicheka pia, na katikati ya kicheko nikagundua nalia, na sikujali nani anaona.

Kumbukumbu za mkutano zilikuwa mikononi mwangu, kwa sababu Peres alisema hakuna mwingine wa kuandika upesi hivyo. Alikuwa ameweka sharti: majina ya waliohudhuria yasiguswe na mimi. Yalikuwa mia moja na kumi na mawili, kila mtu na mkono wake. Kulikuwa na sehemu moja tu ya majina aliyoniachia, chini kabisa ya ukurasa. Nikapangusa macho, nikaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe, bila mkia wowote: Waliokosa kwa udhuru, Jamleck Mbugua.